Kikosi cha FPL kinakuangusha kila wiki? Tafuta hitilafu kabla ya kuuza mtu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana wachezaji wake 15 wa Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa kupanga kikosi cha kubuni cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, pauni milioni 100 zimeshakwisha, na bado kila wiki anaumia palepale: nani aanze, nani alale benchi, nani avae kitambaa cha unahodha, kinachozidisha pointi zake mara mbili. Sitakwambia umnunue nani. Majina ya moto hubadilika kila mwezi, lakini makosa ya kupanga kikosi ni yaleyale miaka yote. Kanuni ninazozitaja ni za msimu wa 2025/26.

Kabla hujagusa chochote, jiulize: ukirudishwa kwenye dakika ya dedilaini, yaani muda wa mwisho wa kupanga kikosi cha wiki, ukiwa na taarifa zilezile ulizokuwa nazo, ungepanga vingine? Ukijibu hapana, huna tatizo la kikosi. Umepata wiki mbaya tu, na wiki mbaya haina dawa. Vikosi vingi vizuri huvunjwa Jumatatu usiku na watu wanaotibu bahati. Ukijibu ndiyo, endelea kusoma.

Dalili: benchi limepata pointi kuliko waliocheza

Inauma kuliko zote, na mara nyingi si tatizo. Beki wa bei ya chini uliyemweka benchi akifunga kwa kichwa kwenye kona, hakuna aliyekuwa na namna ya kulijua hilo Ijumaa. Liache lipite.

Likijirudia wiki baada ya wiki, chunguza mambo mawili. La kwanza ni kupanga kwa bei. Mchezaji wa milioni tisa anaanza kwa sababu umemlipia milioni tisa, hata kama anakwenda ugenini kwa timu isiyofungika, huku wa milioni tano na nusu akiwa nyumbani na timu inayoruhusu mabao kila wiki. Ukishamnunua mtu, bei yake imemaliza kazi. Jumamosi hiyo kinachohesabika ni dakika atakazocheza, mpinzani wake, na kama ndiye anayepiga penalti na mipira ya kutenga.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linaonekana kama utajiri: una wachezaji 13 au 14 wazuri kwa nafasi 11. Kila wiki utamwacha mzuri nje, na kila wiki mmoja wao atakuzomea. Hapo tatizo ni pesa iliyolala benchi, na hata ukichagua kwa akili nyingi kiasi gani halitaisha. Shusha nafasi mbili za benchi ziwe za bei nafuu, peleka pesa kwa wale 11, na nusu ya maswali yako ya Ijumaa yatakufa yenyewe. Kwa makipa mimi ni mkali zaidi: chukua mmoja wa kudumu na mwingine wa bei ya chini kabisa. Kuzungusha makipa wawili kufuata ratiba kunapendeza kwenye karatasi, lakini kunakupa uamuzi wa ziada kila wiki kwa faida ndogo.

Ukikwama kati ya beki wa nne na kiungo wa tano, kumbuka hesabu. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Lakini beki na kipa hupoteza pointi 1 kwa kila mabao mawili timu yao inayofungwa, na kiungo hapotezi kitu. Beki anayekwenda ugenini kwa washambuliaji hatari hastahili kumweka nje kiungo anayecheza dakika 90.

Dalili: ana alama ya njano, na hujui aanze au akae

Hapa ndipo watu hupoteza pointi nyingi bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo.

Wengi wanaona alama ya njano ya asilimia 75 au 50, yaani uwezekano wa mchezaji kucheza, na kukimbilia kumweka benchi. Lakini mchezo una mabadiliko ya moja kwa moja: mchezaji asipocheza hata dakika moja, wa benchi anaingia badala yake. Maana yake ni kwamba kumwanzisha mtu mwenye mashaka hakukugharimu chochote *kama ataanza au atakosekana kabisa*. Akianza, umepata pointi zake. Akikosekana, umepata za benchi. Kinachokuumiza ni hali ya tatu: anaingia dakika ya 82, anakupa pointi 1, na kumfungia mlango mtu wa benchi aliyepata 8.

Kwa hiyo usiulize tu kama atacheza. Uliza kuna uwezekano gani wa kuingia kipindi cha pili. Jibu linategemea aina ya mashaka. Aliyepigwa kiatu katikati ya wiki, au aliyeugua mafua, kwa kawaida huanza au huachwa nyumbani kabisa. Huyo mwanzishe na uwe na mtu wa uhakika benchi. Anayerudi baada ya wiki kadhaa za majeraha ndiye wa kuogopa, kwa sababu makocha humrudisha kwa kipimo. Erling Haaland aliumia mguu Desemba 2023, na aliporudi tarehe 31 Januari 2024 dhidi ya Burnley aliingia kipindi cha pili akitokea benchi. Manchester City ilishinda 3-1, na jina lake halikuwa miongoni mwa wafungaji. Jina kubwa, mpinzani dhaifu, uwanja wa nyumbani, na bado haukuwa usiku wa kumpa kitambaa.

Kundi la tatu ni wanaorudi kutoka timu za taifa. Mchezaji aliyecheza Amerika Kusini Jumanne usiku, timu yake ikiwa na mechi ya kwanza kabisa Jumamosi, hata kama hana alama yoyote mtazame kwa jicho la njano.

Sikiliza mikutano ya makocha na waandishi, kawaida Alhamisi na Ijumaa, lakini usikilize kwa akili. "Tutaona kesho" haina maana yoyote. "Amefanya mazoezi na kikundi wiki nzima" ina maana. Na usisubiri orodha rasmi za vikosi: hutoka dakika 75 kabla ya mechi, wakati dedilaini hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Robo saa imeshakupita.

Dalili: mchezaji hakucheza, na wa benchi hakuingia

Usiandike malalamiko kwenye kundi la WhatsApp kabla hujaangalia haya.

Je, wiki imeisha? Mabadiliko hufanyika mechi zote za wiki zikimalizika, si Jumamosi jioni.

Je, kweli hakucheza? Dakika moja ya nyongeza inahesabika kuwa amecheza.

Je, umbo la timu linaruhusu? Lazima wabaki angalau mabeki watatu, viungo wawili na mshambuliaji mmoja. Ukipanga 3-4-3 na beki mmoja akakosekana, kiungo aliye namba moja benchi atarukwa na mfumo utatafuta beki. Mabeki wako wawili wa benchi wakiwa wa bei ya chini wasiocheza, unamaliza wiki na watu kumi. Hii ndiyo sababu nikipanga mabeki watatu napenda angalau beki mmoja wa benchi awe anaanza kwenye klabu yake, hata kama timu yake ni ya mkiani. Kipa naye hubadilishwa na kipa tu.

Kuhusu mpangilio wa benchi, watu humweka namba moja yule wa uhakika. Si lazima. Namba moja asipocheza, mfumo unakwenda namba mbili bila kukutoza kitu. Mweke mbele yule mwenye uwezo mkubwa akicheza, isipokuwa kama ni mtu wa kuingia dakika za mwisho. Huyo mweke wa mwisho kabisa.

Dalili: nahodha analeta mbili kila wiki

Kwanza tofautisha. Mbili mara mbili ni nne: nahodha alicheza saa nzima au zaidi na hakufanya kitu. Moja mara mbili ni mbili: hakufikisha dakika 60. Ya kwanza ni soka. Ya pili ni tatizo la dakika, na dawa yake umeisoma hapo juu.

Kwa ile ya kwanza, angalia unavyochagua. Ukimpa kitambaa aliyefunga matatu wiki iliyopita kwa sababu tu alifunga matatu, unanunua habari ya jana. Vigezo vyangu kwa mpangilio: ataanza na kucheza hadi mwisho, anapiga penalti, yuko nyumbani, mpinzani anaruhusu nafasi nyingi. Fomu ya wiki mbili ninaiweka mwisho, na najua wengi watabisha.

Suala la nyumbani si ushirikina. Msimu wa 2022/23 Haaland alifunga mabao 36 ya ligi. Mara nne alifunga matatu kwenye mechi moja, dhidi ya Crystal Palace, Nottingham Forest, Manchester United na Wolves, na zote nne zilichezwa Etihad, nyumbani kwa City.

Pamoja na hayo, uamuzi sahihi huweza kuleta matokeo mabaya. Mohamed Salah alimaliza 2024/25 na pointi 344, rekodi ya mchezo huu, wastani wa pointi tisa kwa mechi. Lakini tarehe 14 Septemba 2024, akiwa nyumbani Anfield dhidi ya Nottingham Forest, hakufunga wala kutoa asisti na Liverpool ililala 1-0. Siku hiyohiyo Haaland aliwafunga Brentford mawili. Aliyempa Salah kitambaa wiki ile alipanga vizuri kabisa. Aliyemuuza Salah wiki iliyofuata kwa hasira ndiye aliyejipiga mwenyewe.

Nahodha msaidizi hurithi kitambaa pale tu nahodha asipocheza kabisa. Usimweke kwa heshima. Mchague mtu asiyekosa mechi, na ikiwezekana asitoke klabu moja na nahodha, maana mechi ikiahirishwa wanazama wote wawili.

Dalili: mabeki wanaleta moja, moja, mbili

Pointi 4 za kutoruhusu bao zinahitaji beki awe amecheza angalau dakika 60, na timu isifungwe akiwa uwanjani. Akitolewa dakika ya 70 timu haijafungwa, amezibeba hata kama bao litaingia dakika ya 85. Akitolewa dakika ya 58, hana kitu. Kwa hiyo beki wa pembeni anayetolewa mapema kila mara ana kasoro ambayo jedwali la pointi halikuonyeshi.

Msimu wa 2025/26 ulileta chanzo kipya cha pointi. Beki akifikisha jumla ya matukio 10 ya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, anapata pointi 2. Kwa viungo na washambuliaji kiwango ni 12, ila wao huhesabiwa pia mipira iliyopotea wanayoiokota. Hili limegeuza upangaji. Zamani beki wa kati wa timu inayoshambuliwa dakika zote alikuwa wa kuwekwa benchi. Leo mtu wa aina ya James Tarkowski wa Everton anaweza kufungwa bao na bado kurudi na nne: mbili za dakika, mbili za kazi. Kama bado unapanga mabeki kwa kuangalia tu nani hatafungwa, unapanga kwa kanuni za zamani. Beki wa pembeni anayepanda sana anahitaji asisti au mechi safi. Beki wa kati anayelundikiwa krosi ana njia ya tatu.

Dalili: dedilaini imekupita

Kwetu Afrika Mashariki hili lina chanzo kinachojulikana. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, dedilaini kwetu ni saa saba mchana katika miezi ya Agosti hadi Oktoba. Uingereza inaporudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, dedilaini hiyo inahamia saa nane. Unazoea saa nane majira yote ya baridi, halafu Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele na mlango unarudi saa saba. Aprili ndiyo mwezi wa watu kufika kibanda umiza saa saba na nusu wakijua bado wana muda.

Mtego mwingine ni mechi ya Ijumaa. Ikianza saa mbili usiku Uingereza, dedilaini kwetu ni saa mbili na nusu usiku, au saa tatu na nusu wakati wa baridi kule. Siku imehama, si saa tu. Programu yenyewe inaonyesha muda kwa saa ya simu yako. Itazame Jumatatu na uweke kengele.

Kubadilisha nahodha na benchi ni bure na unaweza kufanya mara elfu. Kwa hiyo panga kikosi kinachokubalika mapema wiki inapoanza, kisha kirekebishe. Ukisahau, angalau kilichobaki si cha wiki iliyopita chenye nahodha aliyefungiwa.

Dalili: pointi zinaliwa na uhamisho

Unapata uhamisho mmoja wa bure kila wiki na unaweza kulimbikiza hadi mitano. Kila wa ziada unakukata pointi 4, na makato hayo ndiyo huitwa hiti. Hesabu inayokosewa ni hii: watu hulinganisha anayeingia na sifuri ya majeruhi. Ulinganisho sahihi ni kati ya anayeingia na yule wa benchi ambaye angechukua nafasi. Wa benchi akitarajiwa kuleta 3 kwa wiki, anayenunuliwa kwa hiti anahitaji kumzidi kwa zaidi ya pointi 4 ndani ya wiki utakazokuwa naye. Kwa wiki moja, hiyo ni zaidi ya 7, yaani karibu lazima afunge. Kwa wiki tano za ratiba nzuri, ni jambo jingine kabisa.

Pia usishtuke pesa zikipungua: mchezaji uliyemnunua 7.0 akifika 7.3, unauza kwa 7.1. Unapewa nusu ya faida, na kipande kisichotimiza 0.1 hakihesabiwi.

Dalili: umepata pointi 65 na mshale ni mwekundu

Mshale mwekundu maana yake umeshuka kwenye msimamo, lakini kikosi hakijaharibika. Wenzako walikuwa na nahodha ambaye wewe hukumpa kitambaa, au hukuwa naye kabisa. Chukua mshambuliaji anayemilikiwa na 70 kati ya watu 100 waliokuzunguka, na 50 kati yao wamempa kitambaa. Akifunga, wastani wa kundi unapanda kana kwamba watu 120 wanaye. Wewe uliye naye bila kitambaa unashuka huku ukishangilia bao.

Uamuzi wa hapa unategemea nafasi yako. Ukiongoza ligi ya ofisini kwa pointi 40 zikiwa zimebaki wiki sita, angalia nahodha anayeelekea kuchaguliwa na anayekufuata na umchague yeye huyo. Pointi za nahodha huyo hazitampunguzia pengo. Ukifukuzia, fanya kinyume, lakini kwa mtu mmoja mwenye sababu za kufunga. Watu watatu wa ajabu kwa pamoja ni kamari. Na kama ni Oktoba, sahau yote haya, mpe kitambaa aliye bora.

Dalili: wiki imefika na wachezaji saba tu wana mechi

Chanzo kiko wiki nne nyuma. Vikombe vya ndani huahirisha mechi za ligi, na mechi hizo hurudi baadaye zikizaa wiki ambayo timu moja inacheza mara mbili. Mashindano ya taifa nayo huchukua watu: AFCON ya Morocco, iliyoanza 21 Desemba 2025, ilimchukua Salah kwa Misri na Bryan Mbeumo kwa Kamerun, na FPL ikajaza akiba ya kila mtu hadi uhamisho mitano kuelekea wiki ya 16.

Ukiwa na tisa au kumi wanaocheza, vumilia, usichukue hiti kumleta mtu wa wiki moja. Wakiwa saba au pungufu, hiyo ndiyo kazi ya Free Hit, silaha inayokuruhusu kubadili kikosi chote kwa wiki moja bila gharama. Bench Boost, inayohesabu pia pointi za benchi, iweke kwa wiki ya mechi mbili, pale benchi lako lote lina uhakika wa kuanza. Na Triple Captain, inayozidisha pointi za nahodha mara tatu, isimwendee mtu ambaye kocha wake hupumzisha mastaa kati ya mechi hizo mbili. Unapewa seti mbili za silaha hizi kwa msimu. Ile ya kwanza isipotumika hadi dedilaini ya wiki ya 19, inafutwa.